Ndoo ya Mungu

Maji yakimwagika juu ya mawe meusi yaliyochomwa na jua tangu asubuhi, hutoa harufu ambayo sijaikuta katika mji mwingine wowote. Ni harufu ya vumbi, chuma na majivu ya zamani. Juzi, tukipanda kutoka ziwani, mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliteleza, bidoni yake ya maji ikapasuka, na maji yote yakazama kati ya mawe kabla hajamaliza kuita jina la Yesu. Hakuna aliyemcheka. Mabomba ya mtaa yamekauka tena, na kila mmoja wetu alikuwa na kamba kwenye paji la uso na mzigo wake mgongoni. Tulimsaidia kuinuka, akageuka kurudi ziwani, nasi tukaendelea. Lakini ile harufu ilinifuata mpaka nyumbani, ikanirudisha kwenye nyumba yetu ya mbao kule Keshero, hapa hapa Goma, kwenye majira yale ambayo mama alikuwa na mimba na watu wazima wa nyumba yetu waligombana juu ya Mungu.

Sisemi waligombana kama yuko au hayuko. Mabishano ya namna hiyo ndiyo ninayoyasikia siku hizi, na yamenichosha. Watu wa mji huu wameona mengi, na mtu aliyeona mengi anataka kumdai mtu majibu. Vijana wanabishana wakichaji simu, wamama wanabishana wakipanga foleni. Mmoja anasema yuko, ndiyo maana bado tunapumua. Mwingine anasema kama angekuwako tusingeishi hivi. Mimi hunyamaza. Nikiwasikiliza vizuri naona kila mmoja anasema habari za mtu wake, na hao watu hawafanani hata kidogo. Hilo nilijifunza kabla sijajua kusoma vizuri, na sikujifunza kanisani.

Nyumbani tulikuwa wanne. Papa alikuwa fundi wa kujenga kuta za mawe, mtu wa vidole vilivyopasuka kwa simenti, na Jumapili alikuwa shemasi mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mama alikuwa mama. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, jambo ambalo kwa majirani zetu lilikuwa kama ugonjwa. Mimba mbili zilizofuata baada yangu zilitoka, na mama akajifunza kupita haraka mbele ya wanawake wenye watoto mgongoni. Wa nne alikuwa nyanya, mama yake papa, aliyetukimbilia kutoka Rutshuru vita ilipofika shambani kwake. Nyanya alikuwa mkali, mchokozi, mvutaji wa tumbaku ya puani, na hakuna siku aliyokubali kwamba mtu mwingine anajua kupika ugali.

Nyanya alikuja na desturi ya kwao. Mwanamke anayetaka mtoto halali bila maji ndani ya nyumba. Kila jioni anahakikisha chombo fulani kina maji ambayo hakuna anayeyagusa, kwa sababu Imana, ndivyo nyanya alivyomwita Mungu, hufika watu wakiwa wamelala, na kazi yake ni kufinyanga watoto matumboni mwa mama zao. Mfinyanzi hafanyi kazi bila maji. Kwao walitumia chungu. Chungu cha nyanya kilibaki Rutshuru na vitu vingine vyote, kwa hiyo alichukua ndoo yetu ndogo ya plastiki, ya rangi ya buluu, akaiweka pembeni nyuma ya mlango.

Mama alimuuliza, "Imana atakubali plastiki?"

"Atafanya je? Naye ni mukimbizi sawa siye," nyanya akajibu. "Atazoea."

Mimi sikuwa na shida ya kuamini wala kutokuamini. Hakuna aliyeniuliza. Niliambiwa kuna mgeni anayekuja kila jioni baada ya sisi kulala, na nikamtengeneza kichwani mwangu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye vumbi kwenye viatu kama papa akitoka kazini. Nyanya alikuwa na msemo wa kwao kwamba Mungu anashinda kwingine mchana kutwa, lakini anarudi kulala kwetu. Kwa hiyo nilijua amechoka. Nilijua pia kwamba haongei sana. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa yamepungua, na kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Sikufikiria kwamba papa ndiye aliyeamka wa kwanza na kunawa uso kwenye maji yaliyokuwa karibu.

Maji yale niliyachota mimi. Nilikuwa na bidoni yangu ndogo, na nyanya alitaka maji ya ndoo yawe ya siku ile ile. Jioni moja nilirudi na bidoni nusu, nikasema imetosha. Alinirudisha ziwani. "Akikuta hakuna maji ya kutosha, anapita," aliniambia. "Anaenda ku nyumba yenye iko na maji. Unataka apite?" Sikutaka apite. Nilishuka tena njia yote ile nikilia kwa hasira, nikapanda tena, na mama aliponiona nimeloa mgongo mzima alitaka kusema kitu, halafu akashika tumbo lake, akaniacha. Mimba ilikuwa imeanza.

Ziwani, penye njia ya kupandia, kulikuwa na bwana mwenye chupa na sindano ya plastiki. Kila bidoni iliyopita aliipiga dawa ya klore, kwa sababu ya kipindupindu. Tulimzoea, na maji yenye ladha ya dawa tulishayazoea pia. Lakini siku moja nilimsikia akiwaeleza wamama kwamba dawa ile inaua vitu vidogo sana vilivyo ndani ya maji, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Na jirani yetu alikuwa amesema juzi yake kwamba mtoto wa mama bado mdogo sana, mdogo hata huwezi kumuona. Niliunganisha yale maneno mawili njiani.

Kesho yake zamu yangu ilipofika nilifunika mdomo wa bidoni kwa mikono.

"Toa mikono, mutoto."

"Hii hapana. Hii ni maji ya Mungu."

"Ya nani?"

"Ya Mungu. Anakuyaka ku nyumba yetu jioni. Anatengeneza mutoto mu tumbo ya mama. Ukitia dawa, mutoto atakufa."

Foleni nzima ilicheka. Bwana wa klore alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaniuliza kwa sauti ya kumfurahisha kila mtu: "Na Mungu wenu akianza kuhara, tutamupeleka ku hopitali gani?" Akanibandua mikono taratibu, akapiga dawa yake, nikapanda kilima nikiwa na hakika kwamba nimebeba sumu. Nyanya aliposikia hakushtuka. Alisema Imana ameshakunywa maji mabaya kuliko hayo, akamimina kwenye ndoo, akafunika.

Nyanya hakushtuka, lakini Goma ni mji wa maneno. Jumapili ilipofika, kanisa zima lilijua kwamba kwa shemasi fulani Mungu anakunywa maji ya ziwa na anaogopa klore. Papa aliimba wimbo wa kwanza hajui habari hiyo, na kufikia wimbo wa mwisho alikuwa ameshaijua. Tulirudi nyumbani papa akiwa mbele. Hakuvua hata lile shati. Aliingia, akachukua ndoo kutoka nyuma ya mlango, akatoka nayo nje, na mbele yetu sote akaimwaga juu ya mawe. Jua lilikuwa kali. Mawe yalifuka mvuke kidogo, na ile harufu ikapanda.

"Kuanzia leo imeisha," alisema. "Mungu wa kweli haombi mutu maji. Ni yeye njo anapanaka maji." Halafu akamgeukia mama, na sauti yake ikashuka. "Mama Riziki, ninakuambia mbele ya mama yangu. Nitafunga, nitaomba. Huyu mutoto atazaliwa, na ataishi. Ni mimi nasema."

Nyanya alivuta tumbaku yake na kusema, "Sawa. Nyumba ni yako." Mama aliiokota ndoo. Alitazama mawe mpaka yakakauka. Leo ninafikiri mama hakuwa upande wowote katika ugomvi ule. Mama alitaka mtoto, na angemkaribisha yeyote ambaye angemleta.

Papa alitimiza neno lake. Alifunga hadi mashavu yakaingia ndani, na akaenda kubeba mawe hivyo hivyo, na njaa yake. Tulimsikia akiomba nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na bosi ambaye hataki kumuudhi. Ndoo ilirudi jikoni kuoshea vyombo. Mimi nililala kila siku nikimfikiria yule mgeni amefika mlangoni na mikono ya udongo, anatafuta maji, hayapo. Nilijiuliza amefikia wapi. Je, masikio yameshawekwa? Vidole?

Mtoto alizaliwa mvua zilipoanza. Alikuwa wa kiume. Papa alimuinua juu kama mtu aliyeshinda kesi, na watu wa kanisa walikuja kuimba mpaka mbao za nyumba zikatetemeka. Mimi nilisubiri wote watoke, nikamfunua blanketi nikamkagua. Masikio yalikuwepo. Vidole vya mikono na vya miguu, vyote. Nilifurahi, lakini pia nilikasirika kidogo, kwa sababu kilima kile na bidoni ile vilikuwa vya bure.

Alikaa nasi mpaka alipoanza kucheka akisikia sauti ya papa. Halafu asubuhi moja aliamka na homa. Mama alimfunga mgongoni akaenda naye kwenye kituo cha afya, walimpa dawa, ikaonekana kama anapoa. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, alikufa mikononi mwa mama kwenye benchi la kusubiri. Nakumbuka mama akiingia uani akiwa amemfunga tena mgongoni, na nyanya akimfungua bila kuuliza kitu.

Kwenye kilio wanawake walikaa kwenye mikeka, na pale ndipo neno lilipotoka. Jirani mmoja alisema, na sidhani alikuwa na nia mbaya, "Inje alikuwa mutoto muzima. Labda ndani kuko kitu yenye haikumalizika." Papa alikuwa amesimama mlangoni. Nilimuona akilisikia. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulishika mbao ya mlango na haukuiachia kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na sikuelewa kwa nini hakuna anayeyaona. Nilimfuata papa alikokaa peke yake juu ya mawe ya kujengea.

"Papa, Mungu hakukuwa pale."

Aliniangalia. "Nani amekuambia vile?"

"Ilikuwa saa sita. Anashindaka kwingine. Kama mutoto angengoya mpaka jioni, Mungu angemukuta."

Aliweka mkono wake kichwani kwangu, mzito, na akauacha pale. Sikujua kwamba mtoto anaweza kumwongezea mtu mzigo kwa kutaka kumpunguzia.

Baada ya mazishi nyumba yetu ilinyamaza. Mama aliongea nami, aliongea na nyanya, aliongea na kuku. Papa peke yake ndiye ambaye mama hakumsemesha. Hakumlaumu, hakumtazama vibaya. Alimwekea chakula mezani akatoka. Papa alikuwa anasubiri neno moja tu kutoka kwake, hata la matusi, na halikuja. Aliacha kwenda kanisani. Kazini, fundi mwenzake alipomwambia Mungu atampa mwingine, alijibu kwamba Mungu hayuko, amwache ajenge. Neno hilo nalo lilipanda kilima likafika kanisani.

Wakaja wanaume wa kanisa, alasiri, wakakaa kwenye viti vyetu na vya jirani. Aliyeongea ni muzee wa kanisa, mtu mpole aliyemfundisha papa Biblia ujanani. Nyanya alikuwa kwenye kizingiti anachambua maharage. Mama alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, tulisikia mchi.

"Shemasi," muzee alisema, "tulisikia maneno. Tunataka tuyasikie ku kinywa yako. Unaamini Mungu ao hauamini?"

"Siamini."

"Mumuulize kwanza nani," nyanya akasema bila kuinua kichwa.

"Mama, hii ni maneno ya kanisa," muzee akasema.

"Ni maneno ya mwana wangu. Mutu akisema fulani hayiko, si unamuulizaka fulani gani? Mu hii mutaa tu, kuko batu wangapi wenye kuitwa Safari?" Hapo aliinua kichwa. "Sema, mwana wangu. Ni nani hayiko? Alikuwa vile gani?"

Papa alitazama vidole vyake vilivyopasuka. Alipoanza kuongea aliongea navyo.

"Kuko moja mwenye nilimufungia, nikamuomba, nikaapa juu yake mbele ya muke wangu. Kama iko, basi alinisikia na akakataa. Na kuko ule wako, Mama. Wa ndoo. Kama ule njo iko, basi ni mimi niliua mutoto wangu. Nilimwanga maji mbele hajamaliza kazi." Alipumua. "Sina nguvu ya ule wa kwanza, sina nguvu ya ule wa pili. Muniache niseme hakuna."

Mchi ulikuwa umenyamaza nyuma ya ukuta.

Kwa umri niliokuwa nao sikuelewa. Nilielewa miaka mingi baadaye, siku moja nikiwa nimechoka vile vile: papa hakuwa amefikia jibu lolote kuhusu mbingu. Alikuwa ametafuta mahali pa kukaa, na neno "hakuna" ndilo lililokuwa kiti pekee kilichobaki wazi.

Nyanya aliweka ungo chini.

"Ule wa ndoo, weye unamujuwa?" aliuliza. "Ni mimi namujuwa. Ule hakasirikaki. Akikuta ndoo iko tupu, anaenda kuomba kwa jirani. Anarudi na maji mu mikono yake, anakaa, anamaliza kazi. Niliosha ule mutoto mimi mwenyewe, na hii mikono. Alimalizika. Inje na ndani. Ni homa njo ilimubeba, sawa vile inabebaka batoto ya bengine. Haukuua mutu."

Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Anaenda kwa jirani? Na mimi, ambaye alinirudisha ziwani jioni ile, akaniambia kwamba Mungu asipokuta maji anapita, nilibeba nini? Nyanya aliniona. Alinitazama mara moja tu, na sijawahi kutazamwa vile tena. Hakukuwa na ukali katika macho yake. Alikuwa ananiomba. Mtu mzima alikuwa ananiomba mimi, mtoto, nisiseme ninachokijua. Nilifunga mdomo.

Muzee wa kanisa alikohoa. "Mama, samahani, lakini hiyo Mungu hayiko mu Biblia."

"Ni kweli, papa," nyanya akasema. "Mukunywe chai."

Papa aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, akalia. Hakulia kwenye kilio, hakulia makaburini. Alilia pale, mbele ya wanaume wenzake, kwa sauti mbaya kama ya mtu anayetapika. Walitazama chini. Alipoanza kutulia, mama alitokea pembeni ya ukuta, mikono yake ya kijani kwa sombe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaongea naye.

"Papa Riziki, kuya ukule. Tangu asubuhi haujakula."

Akainuka, akaenda.

Kanisani alirudi baada ya muda, akakaa viti vya nyuma, na ushemasi hakuutaka tena. Mtu akimuuliza kama anaamini alijibu, "Ninajenga." Mama alizaa wengine wawili, na ni wazima. Hakuna aliyesema kama ndoo ilirudi nyuma ya mlango au la, na mimi sikuchungulia.

Nyanya aliishi mpaka akanichanganya na dada zake waliokufa. Lakini kuna asubuhi ambazo akili yake ilikaa sawa, na asubuhi moja kama hiyo, nikiwa tayari mama wa watoto wangu, nilikuwa ninampaka mafuta miguuni nikaamua kumuuliza. Sikutaka kumshitaki. Nilikuwa nimezika mtoto mwaka ule, na nilitaka kujua.

"Nyanya, ule Mungu mwenye kuenda kuomba maji kwa jirani. Ulimujuwa tangu wakati gani?"

Alinipa mguu wa pili.

"Siku ile," akasema. "Papa yako alikuwa analia, mwana wangu. Ulitaka niite nani?"